Shajara ya mradi: mbao sita ziwani Bukavu

3 Juni

Fundi seremala ameniomba niandike kila kitu, "ili siku tukigombana juu ya pesa, karatasi iseme." Basi iseme. Tunataka kutengeneza mbao sita za kuteleza juu ya mawimbi, za kulalia na kusimamia majini, kuwafundisha vijana kumi na wawili kuzitumia bila kuumizana, na kuandika kanuni zake kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kibanda tulichoazimwa karibu na maji, mtaa wa Nguba. Fedha tuliyo nayo ni dola 140. Imechangwa na ndugu walioko Durban, Afrika Kusini.

Watu wameanza kucheka, na wana haki. Ziwa Kivu, hapa mashariki mwa Kongo, liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, mamia ya kilomita kutoka mawimbi yoyote ya kuteleza. Tulicho nacho ni vijiwimbi vya upepo wa mchana, na yale mawimbi matatu manne yanayobaki nyuma ya kano rapidi, zile boti za kasi za Goma.

Mimi niliishi Durban miaka saba, nikilinda magari ya watu pembezoni mwa bahari kama Wakongomani wengi wa kule. Zamu ikiisha nilikuwa naingia majini na ubao wa kuazima. Siku niliyofaulu kusimama kwa mara ya kwanza nilijiona mfalme, kumbe nilikuwa nimeingia mbele ya mzee mmoja aliyekwisha kulipanda wimbi lile lile. Ili asinigonge, akajitupa. Akaibuka na matusi ambayo siyaandiki. Halafu, sijui kwa nini, akanikalisha mchangani akachora kwa kidole: wimbi halivunjiki lote kwa pamoja, huanza mahali pamoja kisha mvunjiko ukakimbia kwenda pembeni. Aliye karibu zaidi na mahali linapoanzia ndiye mwenye wimbi. Wengine wote wanabaki nje na kusubiri linalofuata. Mchoro ule ndio niliorudi nao nyumbani. Mbao zilibaki kule.

8 Juni

Ubao wa kwanza umekamilika, umepasuka, na umekamilika tena.

Mbao za povu laini wanazotumia wanaoanza baharini, zenye futi 8 au 9, hazipatikani hapa. Tumeamua kutumia tripleksi, zile bapa nyembamba za mbao zilizogandishwa: mbavu za mti mwepesi ndani, ngozi ya tripleksi juu na chini, katikati hewa tupu. Si wazo letu. Mmarekani Tom Blake alipata hataza ya ubao wenye uwazi ndani mwaka 1932, na waokoaji wa fukwe waliupenda kwa sababu ulikuwa mwepesi kuliko magogo yaliyotangulia.

Ubao wa namna hii unahitaji tundu dogo lenye kizibo. Nilimwambia fundi: ukiwa juani, kizibo kifunguliwe; ukiingia majini, kifungwe. Akanitazama kama mtu anayefundishwa kuvaa kofia. Juzi akauacha juani kutwa nzima ukiwa umezibwa. Hewa ya ndani ikatanuka, na saa nane mshono wa upande ukaachia kwa sauti ya mlango wa zamani. Leo kizibo kimefungwa kwa uzi, kisipotee, na fundi ndiye anayewahubiria watoto habari za hewa.

Pua ya kila ubao tumeifunika kwa mpira wa gurudumu la gari. Pezi la chini, ambalo baharini huwa gumu na huchana watu, tumelikata kutoka kwenye mpira huo huo. Halinyooshi mwendo vizuri. Unyoofu wa mwendo nitaukosa, macho ya watoto siwezi kuyakosa.

14 Juni

Tarehe yenyewe imenikumbusha hadithi, nikawasimulia watoto tukiwa tunapiga msasa.

Mwaka 1925, tarehe kama ya leo, boti ya uvuvi iitwayo Thelma ilipinduliwa na mawimbi makubwa penye pwani ya Corona del Mar, California. Duke Kahanamoku wa Hawaii, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mita 100 mwaka 1912 na 1920, alikuwa pale na ubao wake. Akaingia, akarudi na watu, akaingia tena. Watu 17 walikufa. Waliookoka walikuwa 12, na 8 kati yao aliwatoa yeye.

Hapa sikuhitaji kueleza zaidi. Kila mtoto wa Kivu anajua boti kupinduka ni nini. Tarehe 3 Oktoba 2024 ile iliyotoka Minova ilizama ikikaribia Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiiona kwa macho. Mmoja wa vijana wetu alifiwa na shangazi yake pale. Alikuwa anapiga msasa, akaendelea kupiga msasa, kisha akauliza, "Ubao kama huu unabeba watu wangapi wakiushika tu pembeni?"

Hatukujua. Tukaamua kupima.

(Jibu, nimeliongeza tarehe 17: wanne, wakiwa wametulia na miili yao imo majini. Mmoja akijaribu kupanda, wote wanakunywa maji.)

21 Juni

Mbao zimewekwa kando. Kati ya vijana kumi na wawili, saba hawajui kuogelea.

Sikushangaa sana. Watatu ni wa mtaa wa Cimpunda, wawili wa Panzi. Mtu anaweza kukua Kadutu akiliona ziwa kila asubuhi akiwa na bidoni ya maji kichwani, na asiingize mguu. Mama zao waliwaambia ziwa linakula watu, na hawakuwadanganya: kina chake kinafika karibu mita 480, na sehemu nyingi hapa ukitoka ufukweni hatua chache chini hapashikiki tena.

Kipimo tulichokubaliana: hakuna kugusa ubao mpaka uelee chali dakika tano bila kusaidiwa, na uogelee kutoka gati la mawe mpaka mtumbwi uliofungwa na kurudi, kama mita 60 hivi. Ubao unaweza kukutoroka. Asiyeweza kurudi bila ubao asitoke nao.

Juma zima tumefanya mambo mawili, kuelea na kuanguka. Wanaoanza hupenda kuruka kichwa mbele kama wako bwawani, na mahali pafupi shingo inavunjika. Kwa hiyo: anguka bapa, kama mkeka unaotupwa, mikono ikifunika kichwa. Ukiibuka, mkono mmoja utangulie juu, maana hujui ubao wako uko wapi. Tulifanya juu ya nyasi kwanza. Wapita njia walisimama kututazama, mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akauliza kama ni kanisa jipya.

29 Juni

Siku mbaya. Naandika usiku.

Mbao tatu zilikuwa majini, vijana sita, wawili wawili. Kano rapidi ikapita karibu kuliko kawaida na mawimbi yake yakaja. Kijana wa mbele, tunayemwita Kifupi, alipoyaona akaogopa, akauachia ubao na kupiga mbizi. Mbizi ilikuwa safi. Ubao ukarudi nyuma na wimbi ukampiga dada wa Cimpunda juu ya jicho. Nyuzi nne. Kama pua isingekuwa na mpira sijui ningekuwa naandika nini.

Kosa ni langu. Niliwafundisha kuelea, kuanguka na kuibuka, nikasahau lile ambalo mzee wa Durban alilisema kabla ya yote: ubao hautupwi. Wimbi likija, shika kingo, lala juu yake, au ushuke ukiwa umeushika kwa mikono miwili. Kabla ya kuachia chochote, geuza shingo uone nani yuko nyuma. Tena usiuweke kati yako na wimbi, uwe umeukalia au uwe kando yako, la sivyo ni kifuani mwako utakapoishia.

Nilikwenda kwao jioni. Baba yake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kitu kimoja: "Atarudi kesho kutwa, lakini wewe andika." Nimeandika.

2 Julai

Kamba. Vijana wamekuja na wazo lao: kukata mpira wa ndani wa gurudumu vipande virefu, kufunga upande mmoja mguuni na mwingine kwenye ubao. Mpira ni wa bure na unavutika. Nimekataa kwa sababu hiyo hiyo ya kuvutika. Kamba za kwanza kabisa za mbao za mawimbi, miaka ya mwanzo ya 1970, zilikuwa za mpira wa namna hii. Ukianguka, unavutika, unavutika, halafu unakurudishia ubao usoni kama manati. Jack O'Neill, yule wa nguo za maji baridi, alipoteza jicho hivyo miaka hiyo hiyo. Tumenunua kamba ya nailoni isiyovutika sana. Urefu wake ni kama urefu wa ubao wenyewe: ikiwa fupi ubao unakurukia, ikiwa ndefu unamfikia jirani. Kifundoni tumeshona mkanda wa kitambaa kinachonata, utoke kwa kuvutwa mara moja.

Mchana tuligombania maneno, na hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote tangu tuanze. Kosa lile nililofanya Durban, la kuingia mbele ya mtu aliyekwisha panda, tuliite nini? Mmoja alisema "kuiba wimbi". Mwingine akasema hapana, mwizi huondoka na mali, huyu anaingia mle mle ulimo wewe. Dada wa Cimpunda, na bandeji yake, akasema: "Kudandia." Kama wanavyodandia kamio, yaani malori, kwenye kilima cha Essence. Likapita bila kura. Na yule mjanja anayekuzunguka mgongoni, awe karibu zaidi na mvunjiko halafu adai ni haki yake? Huyo tumempa "mpita foleni". Kila aliyewahi kusimama na bidoni bombani anamjua, na anajua hasira yake.

Zamu ya bombani, kwa kweli, ndiyo kanuni nzima.

12 Julai

Mzee wa mitumbwi ametuita. Alikuwa ametutazama mwezi mzima bila kusema.

Wavuvi wa sambaza wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa juu, wavu chini, na wanarudi alfajiri wakiimba na kupiga makasia. Sisi tulikuwa tunaingia saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu maji yametulia, na tulikaa mahali pazuri pa kupita. Palikuwa pazuri kwao pia. Mzee hakufoka. Alisema, "Mubaba, unafundisha batoto kusimama juu ya maji. Bafundishe na kutoka mu njia."

Nikaona aibu, maana kanuni hiyo iko na nilikuwa naijua. Baharini anayetoka kwenda ndani haruhusiwi kukatiza mbele ya anayekuja na wimbi. Anazunguka kwa mbali, pale mawimbi hayavunjiki. Akikutwa katikati, anakwenda upande wa povu, nyuma ya anayekuja, hata kama povu litampiga. Anayekuja hana breki, wewe unaona mbele. Mtumbwi uliojaa samaki na watu waliokesha hauna breki pia.

Tumesogea mita mia mbili, na tunaingia saa moja na nusu, wao wakisha kushusha. Siku ya pili walituachia sahani ya sambaza. Fundi anasema ni kodi iliyolipwa kinyume.

25 Julai

Leo ni siku ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 2021 kuwa siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Tumeitumia kuwaita wazazi. Walikuja mama tisa na baba wawili.

Swali lilikuwa moja, na lilitoka kwa mama wa Panzi: "Jile ziko wapi?" Yaani maboya ya kuvaa. Nikaanza kueleza kuwa wateleza mawimbi hawavai jile, kwa sababu wimbi likija lazima uweze kuzama chini yake. Akaniacha nimalize. "Hapa kuna wimbi gani la kuzama chini yake?"

Hakuna. Nilikuwa nabeba desturi ya bahari mpaka mahali isipokuwa na kazi. Dola 46 za mwisho zimekwenda kwenye jile nne za mitumba, tumezijaribu moja moja kwa kumtupa fundi majini (alijitolea, na ni mnene). Moja ilizama nusu, tumeichoma. Kanuni mpya: atakayekwenda mbali kuliko mtumbwi uliofungwa, avae.

9 Agosti

Hii ni ndefu, lakini nimeibeba siku nyingi.

Tangu Julai nimekuwa nikiimba, na ukutani imeandikwa: kamba ya mguu haivuliwi majini. Ubao ni boya lako, ukiupoteza umebaki na mikono miwili. Kwa ziwa ni kweli, na kwa bahari ni kweli.

Juzi Kifupi na mwenzake walitaka kujua chupa za plastiki zinakokwenda. Baada ya wiki ya mvua mlimani zote hushuka ziwani, kisha zinaondoka, kama zimeitwa. Zinaitwa na mto Ruzizi. Ziwa lote lina mlango mmoja wa kutokea, nao uko hapa Bukavu, maji yanashuka mpaka Tanganyika. Zile chupa na takataka ndizo zinazoziba bwawa la umeme la Ruzizi I na kutuacha gizani. Tulitembea kwa miguu tukaangalia kutoka ukingoni. Karibu na mdomo chupa zinaenda polepole, kama watu wanaotoka misa. Mbele kidogo zinaanza kukimbia. Kwenye matawi yaliyoinama, zinanasa.

Nilichukua kijiti, nikakifunga uzi, mwisho wa uzi kipande cha sabuni, nikavitupa. Kijiti kikapita upande huu wa tawi, sabuni upande ule. Uzi ukashika. Maji yakakivuta kijiti chini na kukishikilia hapo hapo, hakikuibuka tena.

"Kijiti njo miye?" Kifupi akauliza.

Ndiyo. Kwenye maji yanayokimbia, kamba ya kifundoni inaweza kukufunga kwenye tawi au jiwe, na nguvu ya maji haikuachii uiname kuufikia mguu wako. Ndiyo maana wanaotumia mbao mitoni hufunga kamba kiunoni, kwenye mkanda unaofunguka kwa kuvuta kipande kimoja, mahali mkono unapofika hata ukiwa umebanwa. Sisi mikanda hiyo hatuna. Kwa hiyo tumechagua mti mkubwa unaoonekana kutoka majini kuwa mpaka, na hakuna anayeupita, awe na kamba au asiwe nayo. Chupa zikianza kwenda upande mmoja bila upepo, tunatoka.

Nimefuta ile sentensi ukutani. Ilikuwa imepakwa rangi vizuri.

16 Agosti

Upepo wa kusini wa kiangazi. Huko Durban upepo unaotoka nchi kavu ulikuwa sherehe: unayasimamisha mawimbi na kuyanyoosha, watu wanaacha kazi. Hapa ndio mwizi. Kwa sababu unatoka nyuma yetu, maji ya ufukweni yanabaki laini kama kitambaa na kila mtu anasema leo pametulia. Unapiga makasia kwa mikono kidogo, unajiona una nguvu za ajabu, kisha unageuka na Bukavu imekuwa ndogo.

Kijana wa Panzi alipelekwa karibu nusu kilomita. Alifanya sawasawa: hakuuacha ubao, alilala bapa ili upepo usipate cha kusukuma, akainua mkono mmoja na kuupunga taratibu. Mtumbwi ukamfuata. Kabla ya kuingia sasa tunaangalia mambo matatu, moshi wa jiko la mama wa mihogo, kamba za nguo, na maji ya mbali, si ya karibu. Moshi ukielekea ziwani, siku hiyo tunafanya kuanguka kwenye nyasi.

Mkondo wa kurudi baharini nao nimewasimulia, ingawa hapa haupo, kwa kuwa wawili wana kaka zao Durban na iko siku watakwenda. Maji yaliyosukumwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, na hurudi kwa njia nyembamba, mara nyingi kando ya gati. Mahali hapo huonekana pametulia kuliko kwingine, ndipo mgeni anapoingilia. Ukichukuliwa, usipigane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke, ndipo ugeuke. Na uogelee kati ya bendera nyekundu na njano, ndipo waokoaji wanapotazama.

6 Septemba

Mvua zimerudi, na radi. Ukisikia ngurumo, unatoka. Hatusubiri kuuona umeme wala kumaliza zamu. Tunarudi baada ya nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Mwezi huu hiyo ina maana kwamba mara nyingi haturudi.

20 Septemba

Hali ilivyo: mbao tano zinaelea, ya sita ina maji ndani na fundi anaikwepa. Vijana kumi na mmoja wamefaulu kipimo cha kuogelea, mmoja bado anaelea dakika tatu tu na anadai saa yangu ni mbovu. Jile tatu. Fedha: sifuri, na deni la rangi dola 6. Fundi hajagombana nami.

Ukuta umekamilika mara ya tatu, kwa Kiswahili chao, si changu. Nilitaka kusahihisha "njo" iwe "ndio" nikaacha.

Jioni kano rapidi ilipita mbali na kuacha mawimbi manne. Vijana wanne walikuwa wamekaa kwenye mbao zao. La kwanza lilianzia upande wa dada wa Cimpunda. Wengine watatu waliinua mikono kutoka majini, wakaushika ubao, wakamtazama. Alipiga makasia mara tano, akapiga magoti, akasimama nusu, akaanguka bapa. Mkono wake ulitangulia kuibuka.

"La pili ni la nani?" akauliza.

Walikuwa wanabishana bado wakati la nne lilipofika ufukweni.